Nyumba Isiyotoa Moshi

Kwa miaka thelathini Eleodoro Oyarzún alipita katika mkondo wa Beagle bila kuuona. Alikuwa fundi wa injini katika jeshi la wanamaji la Chile, na mahali pa fundi wa injini ni chini, nyuma ya mabamba ya chuma, penye joto la kukausha shati mwilini. Meli ikifika kusini alijua kwa sikio. Vipande vya barafu vilianza kugonga ubavu, ko, ko, ko, kama mgeni anayebisha hodi bila haraka. Juu ya sitaha vijana walipiga kelele wakionyeshana milima. Yeye alikuwa akitazama geji ya mafuta.

Alistaafu mwezi Machi, akapewa nishani, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Sikio la kushoto lilikuwa limeshachukuliwa na injini. Mwezi Julai, katikati ya majira ya baridi, yeye na mkewe Uberlinda walisafiri saa thelathini na mbili kwa meli ya abiria na mizigo kutoka Punta Arenas hadi Puerto Almonacid, mji wa nyumba za mabati ya rangi, mlima mgongoni na maji miguuni, ambao barabara yake ya mwisho inaishia kwenye kichaka.

Waliitwa na nyumba. Nolberto Vera, aliyefanya naye kazi chumba kimoja cha injini miaka kumi na miwili, alikuwa amehamia kaskazini kwa binti yake.

“Kaeni hapo wiki mbili, tena wakati wa baridi,” Nolberto alisema kwenye simu. “Kiangazi kila mjinga anapapenda. Mkipataka, nyumba ni yenu. Msipopataka, niambie kabla meli ya tarehe ishirini haijaondoka, nimpe mpwa wangu. Anaililia.”

Eleodoro alipataka kabla hata mguu haujagusa gati. Alisimama katikati ya ngazi ya meli, begi begani, na watu nyuma yake wakasimama pia kwa kuwa hawakuwa na pa kupita. Milima ilianzia ndani ya maji yenyewe. Hapakuwa na ufuo wala vilima vya kumzoesha mtu kidogo kidogo. Maji meusi kama oili, kisha ukuta mweupe unaopanda mpaka shingo ikachoka kuufuata. Theluji ilikuwa ikianguka upande wa pili wa mkondo tu, kama pazia lililoshushwa nusu.

Uberlinda alimsukuma kwa kidole. “Mzee, unaziba njia.”

“Yalikuwa hapa,” alisema.

“Nini?”

“Haya yote. Miaka yote hiyo yalikuwa hapa, na mimi nilikuwa pale chini.”

Uberlinda alitazama milima, akatazama uso wa mumewe, na akajua kwamba safari hii angebishana na mtu aliyekwisha kuamua.

Yeye hakupataka. Si kwa sababu ya baridi. Alikuwa mpishi wa shule miaka ishirini na sita mjini Talcahuano na baridi ya alfajiri alikuwa anaijua. Usiku wa kwanza, wakiwa wamekaa karibu na jiko la kuni la Nolberto, alimwambia, “Nimemaliza ujana nikimsubiri mtu aliye mbali. Sasa unataka tuwe mbali wote wawili?”

“Hapa si mbali. Hapa ndipo tulipo.”

“Maneno ya mlevi hayo.” Kisha akasema lile lililokuwa moyoni. “Unamkumbuka Bi Rosenda wa ghorofa ya tatu?”

Eleodoro alimkumbuka. Bi Rosenda alikuwa mjane, jirani yao wa jengo moja. Mwaka uliopita alikufa akiwa peke yake nyumbani, na alikaa siku kumi na moja kabla ya mtu yeyote kujua. Jengo lile lilikuwa na familia arobaini. Uberlinda alipita mbele ya mlango ule kila asubuhi akienda sokoni na kila mchana akirudi, na mara moja alisimama hapo kupumzisha mikono na kapu lake.

“Kule familia arobaini zilipita,” alisema. “Hapa hata wa kupita hakuna. Tukianguka mimi na wewe humu ndani, nani atajua?”

“Kuna zahanati.”

“Zahanati haina miguu.”

“Kuna simu.”

“Bi Rosenda alikuwa na simu mbili.” Alifunika magoti kwa blanketi. “Nipe jibu la hilo, Eleo. Moja tu. Nitafunga mizigo mwenyewe, na kitanda cha mama yangu nitakileta huku nimekibeba kichwani.”

Alifanya kile anachofanya fundi asiye na jibu: alitafuta kitu cha kutengeneza.

Jiko la Nolberto lilikuwa la chuma, kubwa, lenye tanuri upande mmoja na dohani inayopenya paa. Lilitoa moshi mzito kama treni ya zamani. Eleodoro aliuonea aibu. Katika chumba cha injini moshi ni fedheha: ni mafuta yaliyopotea, na ni tangazo la mahali ulipo kwa yeyote anayekutafuta. Dohani ya meli ikifuka, kapteni hupiga simu chini, na hapigi kusalimia.

Aliliondoa bomba lote na kulikwangua masizi. Aliziba nyufa za mlango kwa kamba isiyoungua. Alichagua kuni za lenga, mti wa misitu ya kule, zilizokauka miaka minne bandani, akazipasua kwa unene mmoja na kuzipanga kwa urefu.

Majirani, wazee wawili wa familia ya Cárcamo, walikuja siku ya tatu na sahani ya sopaipilla, yale maandazi bapa ya maboga ambayo kila nyumba huyakaanga hali ya hewa ikichafuka. Sabino alikuwa mvuvi wa kaa, mkavu kama kamba ya nanga. Dada yake Eduvina alikuwa mfupi, mpana, na macho yake yalikuwa yakipita juu ya kila kitu.

Sabino alizitazama kuni. “Umezipanga kama gwaride, afande. Zinapiga saluti saa ngapi?”

“Zikikutwa hazijanyooka, zinalala mahabusu,” Eleodoro akajibu.

Eduvina alimgeukia Uberlinda. “Mnaamka saa ngapi ninyi?”

“Saa mbili.”

“Kila siku? Hata Jumapili?”

“Hata Jumapili.”

“Vizuri,” Eduvina akasema, kama mtu aliyepokea kitu na kukitia mfukoni.

Walipoondoka Uberlinda alifunga mlango. “Umemsikia? Kesho ataniuliza rangi ya kamisi.”

Kazi ya jiko ilimchukua siku tisa. Siku ya tisa jioni, wingu la chini likiwa limeshameza milima, Eleodoro alirekebisha tundu la hewa kwa upana wa kucha, akatoka nje, akatazama juu. Kutoka kwenye dohani haukutoka moshi wowote. Hewa tu ilitetemeka kidogo juu ya mdomo wa bomba.

Akamwita mkewe. “Tazama!”

Uberlinda alisimama kibarazani, mikono kwapani. “Natazama. Sioni kitu.”

“Ndiyo hiyo! Huoni kitu!”

“Siku tisa,” alisema akirudi ndani, “ili nisione kitu.”

Usiku ule theluji ikaanza. Ilianguka usiku kucha, na kesho yake kutwa, na usiku mwingine, na siku iliyofuata. Upepo uliibeba kutoka mlimani na kuilaza dhidi ya nyumba. Simu ikafa. Dirisha la jikoni lilianza kufunikwa kutoka chini, kama glasi inayojazwa maziwa, mpaka mwanga uliobaki ndani ukawa wa buluu. Na kulikuwa na ukimya. Eleodoro alikuwa ameishi na kelele tangu ana miaka kumi na minane, na hata usingizini injini ilimvumia kichwani. Siku ya pili ya theluji aligundua kwamba mvumo ule umekoma. Aliketi mezani, mikono juu ya magoti, akausikiliza ukimya. Alitamani kuvua kofia, na hakuwa amevaa kofia.

“Unaumwa?” Uberlinda aliuliza.

“Hapana. Sikiliza.”

Naye akasikiliza. Hakuwasha redio.

Asubuhi ya tatu upepo ulikuwa umelala. Kusini kule, Julai, kunapambazuka saa nne; kufikia saa tano na nusu walikuwa mezani, jiko likiwaka vizuri kuliko siku zote, Eleodoro akipaka jemu mkate wake wa pili. Jibu la swali la Uberlinda lilikuwa halijapatikana, na meli ilikuwa inaondoka keshokutwa.

Wakasikia kukwaruza. Kwanza kwa mbali, kisha ukutani, kisha mlangoni kwenyewe. Sauti za watu. Mlango ukasukumwa kwa kishindo, donge la theluji likaanguka sakafuni, na juu ya donge hilo akaingia Sabino Cárcamo na koleo mkononi, nyusi zimeganda. Nyuma yake vijana wawili wa bandarini. Nyuma yao muuguzi wa zahanati na mkoba wake. Mwisho Eduvina, akiwa amekumbatia mablanketi mawili, akihema kama mvukuto.

Walisimama wakiwatazama watu wawili na chupa ya jemu.

“Mko hai?” Sabino aliuliza.

“Tunakula,” Eleodoro alisema.

“Moshi wenu uko wapi?”

Eleodoro aliinuka. Mtu akiulizwa kuhusu kazi yake huinuka. “Hakuna moshi. Nimeuondoa.”

Theluji ilidondoka kutoka kwenye koleo la Sabino, to, to, sakafuni.

“Ameuondoa,” Eduvina akasema. Akaketi juu ya sanduku la kuni, mablanketi mapajani. “Mtakatifu Petro wangu! Mimi nimekufa mara tatu njiani, kumbe ameuondoa!”

“Ni hewa tu,” Eleodoro alianza kueleza. “Ukiipima hewa inayoingia...”

“Afande,” Sabino alimkata, “kaa chini kabla sijakupima wewe.”

Vijana wakaangua kicheko, na muuguzi akageukia ukutani ili acheke kwa heshima.

Uberlinda peke yake hakucheka. “Sijaelewa,” alisema. “Moshi una nini?”

Eduvina alimtazama kama aliyeulizwa maji yana nini. “Si nilikuuliza mnaamka saa ngapi? Kukikucha nahesabu dohani zinazofuka. Upande wetu huu ziko ishirini. Jana na juzi nilikuwa sioni hata pua yangu. Leo kumekucha kweupe, nahesabu: kumi na tisa. Nikasema labda wamelala. Nikasubiri. Nikahesabu tena.”

“Kila siku unahesabu?”

“Kila mtu anahesabu. Utaanzaje siku?”

“Na mmetembea muda gani mpaka hapa?”

“Saa moja na robo,” muuguzi akasema. Nyumba ya Cárcamo ilikuwa umbali wa mita mia tatu. “Theluji ilikuwa inatufika kifuani.”

Uberlinda alishika ukingo wa meza. “Kwa ajili yetu.”

“Kwa ajili ya moshi,” Sabino akasema akivua glavu. “Ninyi wenyewe hata hatujawajua vizuri.”

Uberlinda akaanza kusogeza viti. Akaweka birika, akakata mkate wote uliokuwapo, akamvua Eduvina buti kwa mikono yake mwenyewe bila kuombwa. Eleodoro, aliyemjua, aliona ni heri atoke nje.

Alipanda mtaro waliochimba hadi kichwa chake kikapita usawa wa theluji, na hapo akasimama. Uwanja wote ulikuwa umetoweka, ua, banda na barabara. Ulikuwa weupe mmoja kutoka mlimani hadi kwenye maji meusi, na ndani ya weupe ule mkato mmoja tu, mwembamba, uliopindapinda kidogo, kutoka mlango wa Cárcamo hadi mlango wake. Juu ya paa zilizozikwa, katika hewa isiyo na upepo hata kidogo, moshi ulikuwa umesimama wima. Akauhesabu. Alifika kumi na tisa, akahesabu tena tangu mwanzo ili tu apate kuendelea kutazama.

Uberlinda alitokea nyuma yake, koti la Nolberto mabegani. Alitazama mtaro ule mwanzo hadi mwisho. Alitazama kwa muda mrefu kuliko alivyotazama milima.

“Simu ikifufuka,” alisema, “mwambie Nolberto mpwawe atafute nyumba nyingine.”

“Na kitanda cha mama yako?”

“Utakibeba wewe. Kichwani.”

Akashuka, akafukua theluji kando ya banda, akachomoa tawi bichi lililovunjwa na uzito, majani yake bado yana barafu. Akaingia nalo ndani, akalifungua jiko.

“Mama,” Eleodoro alisema kutoka mlangoni, “hilo litatoa moshi.”

“Najua,” alisema, akalisukuma ndani kwa mguu.

Lilizomea, likafoka, likawaka kwa shingo upande. Wote wakatoka mtaroni kutazama, wageni na vikombe vyao mikononi. Kutoka kwenye bomba aliloling'arisha siku tisa ukapanda moshi mbaya, mweusi, mzito, wa kumwaibisha fundi yeyote wa meli yoyote. Eleodoro aliuona ukinyooka juu, na hakuusema vibaya.

Sabino alinyoosha kidole kilichopinda, akaanzia mbali, kwenye nyumba za gatini, akihesabu kimya kimya, midomo ikicheza. Kidole kikafika juu ya paa la Nolberto kikasimama.

“Ishirini,” alisema, akarudi ndani kumalizia jemu.