Dobi Aliyefukuza Mafuta

Mkewe alipofariki kwa maradhi ya moyo, Dobi aliitoa chupa ya mafuta jikoni akamgawia jirani. Daktari alikuwa amemwonya marehemu apunguze mafuta. Dobi akaona kupunguza ni kujidanganya, akayafukuza kabisa. Akawa mtu wa kuchemsha: karoti, boga, maharage, mboga za majani, vyote kwa maji na chumvi. Sufuria zake hazikuhitaji sabuni, naye alijivunia hilo utadhani amevishwa nishani.

Mengine yalimnyookea. Alikuwa na chumba cha kufulia nyuma, kibaraza cha kupokelea nguo mbele, wateja waliomwamini hadi na suti za harusi, na binti mmoja aliyeolewa mtaa wa pili. Binti alipojifungua mtoto wa kiume, Dobi alifunga duka mchana kweupe, akaenda kumpakata mpaka mikono ikafa ganzi.

Kisha macho yakaanza kumfanyia visa. Mchana aliona hata uzi uliochomoka kwenye ukosi wa shati; jua likizama, alijigonga kwenye ndoo zake mwenyewe. Hakumwambia mtu. Mzee wetu huyu alikuwa na kiburi cha kimya, na hakuna kiburi kigumu kukitibu kama hicho. Akajikaza kisabuni, akawa anaaga kwa binti yake kabla giza halijaingia, kila siku na kisingizio chake: leo pasi ameiacha kwenye umeme, kesho kuna mteja anamsubiri.

Jioni moja mawingu yalitanda, nyumba ikaingia giza mapema kabla hajaaga. Mvua ikaanza kudondoka, na nguo zilikuwa kwenye kamba.

"Baba, nishikie mtoto niwahi nguo."

Dobi akarudisha mikono nyuma. "Mlaze kitandani."

"Analia, baba. Mshike tu kidogo."

"Nimesema mlaze kitandani!"

Nguo zikalowa zote. Binti alibaki amesimama na mtoto wake kifuani. "Siku hizi unakaa hapa kama mgeni, ukiinuka hugeuki nyuma. Mjukuu wako amekukosea nini?"

Hapo kiburi kikamwisha. "Sikuoni, mwanangu. Nasikia sauti yako tu. Nitamwangusha."

Binti akamshika mkono, wakalia wote watatu.

Asubuhi yake walikuwa zahanati. Tabibu, mama wa makamo asiye na papara, alimchunguza macho, akampima damu, akamsikiliza moyo, kisha akamwuliza anakula nini.

"Karoti kila siku!" Dobi alisema kwa fahari.

"Kwa mafuta?"

"Mafuta? Nyumbani kwangu?"

Tabibu akatabasamu. "Mzee wangu, karoti haikupi vitamini A iliyo tayari. Inakupa ile rangi yake. Utumbo wako mwembamba ndio unaoichukua, unaikata katikati, na kuigeuza vitamini A inayokuwezesha kuona gizani. Tena una kipimo: mwili ukitosheka, unapunguza kukata. Lakini rangi hiyo haiyeyuki kwenye maji. Bila mafuta kidogo, nyingi inapita tu na kutoka."

Dobi akajipiga paji la uso. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia wateja kwamba doa la mafuta halitoki kwa maji matupu. "Na mimi ndiye dobi!" akasema, akacheka mpaka tabibu naye akashindwa kujizuia.

Alipewa vidonge vya kuanzia na ruhusa ya kijiko cha mafuta ya mimea kwenye chakula. Siku ya kwanza kukaanga vitunguu alijiona anamsaliti mkewe. Akasimama jikoni, akamwomba radhi kwa sauti, kisha akatia karoti.

Giza lilianza kumwachia kidogo kidogo. Na jioni moja, taa hazijawashwa, alimwona binti yake akija ukumbini, akanyoosha mikono kabla hajaombwa. Binti alisita kidogo tu, akampa mtoto.

Dobi alitembea naye taratibu hadi dirishani. Alimshukuru Mungu, akamshukuru tabibu, akaushukuru na utumbo wake, uliovumilia maji matupu muda wote ule bila kuacha kazi. Mtoto akamtazama usoni, akaangua kicheko.

"Huyu kumbe anacheka hivi!" Dobi alisema. "Ameanza lini?"

"Tangu aanze ni mwezi sasa, baba," binti alijibu polepole. "Hucheka jioni, ukishaondoka."