Mtu wa Kumi kwenye Boti ya Gakuru

Gakuru wa Mbugua, aliyelala katika Bwana mwezi wa Machi mwaka huu, hakuwa mtu wa kuhesabu watu. Kwao Kitengela hilo lilikuwa mwiko. Mama yake, Waceke, akiulizwa ana watoto wangapi hujibu tu, "Wako, Mungu amewaweka." Na aliyemfundisha kuchunga mbuzi ni jirani yao, mzee Koinet, ambaye naye hakuhesabu mifugo. Jioni alisimama langoni, akalitupia kundi jicho mara moja, akajua kama kuna aliyebaki nyikani. Gakuru alilirithi jicho hilo, na alipotimiza miaka kumi na miwili alikuwa hakosei.

Ndilo alilokwenda nalo kazini. Alipata kazi ya kuosha vyombo kwenye meli inayopeleka watalii huko kusini kabisa mwa dunia, kwenye bahari ya barafu. Baada ya misimu mitatu, kwa kuwa hakuwa mlevi na alikuwa msikivu, alipewa kuendesha boti ndogo za mpira zinazowashusha wageni nchi kavu wakatazame pengwini. Sheria ilisema kabla ya kuondoka ufukweni, mwendeshaji amnyooshee kila mtu kidole, ahesabu kwa sauti, kisha ataje idadi kwenye redio. Gakuru alitupa jicho tu, akataja idadi aliyokuja nayo. Kumhesabu mtu kama gunia la viazi kulimshinda.

Siku hiyo alipeleka wageni kumi. Upepo uligeuka ghafla ukaanza kusukuma mapande ya barafu kuelekea ufukweni, na meli ikaita boti zote zirudi. Ukungu ulishuka. Wageni wakaingia mbiombio, wote kwa jaketi nyekundu za meli, nyuso zimefunikwa. Gakuru akatupa jicho. Boti ilikuwa imejaa.

"Uko na wangapi?" Musila, Mkenya mwenzake aliyekuwa kwenye redio melini, aliuliza.

"Kumi."

"Umehesabu, ama umewaangalia kama mbuzi zako?"

"Kumi, Musila."

Nje ya mwamba uliokinga ufukwe, mawimbi yaliipiga boti ubavuni, na maji yaliyowarukia yaliuma kama miiba. Kila mtu alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, isipokuwa mmoja. Alikaa mbele, upande wa kulia, amewapa wote mgongo, mikono mapajani. Gakuru akampigia kelele ashike kamba. Hakugeuka. Boti iliruka na kuanguka, wengine wakarushwa huku na huku, yeye hakutikisika.

Hapo mwili ukamsisimka Gakuru. Aliijua hali hiyo tangu utotoni, pale jicho linapomkuta mbuzi anayetembea vizuri katikati ya wenzake lakini si wa nyumbani.

Akanyoosha kidole. Alihesabu kwa Kikuyu, kwa sauti, sala ikimtoka katikati ya namba. Alipofika tisa, kidole kilikosa pa kwenda. Mbele kulia hapakuwa na mtu. Maji yalitiririka boti nzima, ila pale mpira ulikuwa mkavu.

Mzee mmoja mwenye nywele nyeupe, aliyekaa jirani na pale, alisema hapajakaliwa na mtu tangu waondoke. Mkewe alikuwa nyuma, alisema, na akageuka amtazame. Mkewe hakuwepo.

"Musila, nilidanganya. Sikuhesabu. Niko na tisa, kuna mama amebaki."

Musila alimpasha nahodha, kisha akarudi redioni. "Nahodha anasema ulete hao kwanza."

"Nikifika huko, barafu itakuwa imefunga. Huyo mama atakufa."

"Basi rudi ukamchukue," Musila akasema. "Na uhesabu, ndugu yangu."

Walimkuta nyuma ya jiwe, alikokwenda kutoa changarawe kwenye kiatu, midomo imegeuka buluu, miguu haisimami. Barafu ilikuwa imeacha njia isiyozidi upana wa lori. Mumewe alimketisha pale mbele kulia, na Gakuru alitaka kumkataza, ila akaishia kugeuza boti. Njia nzima alihesabu, kidole hewani. Kumi. Kumi tena. Alichoogopa ni kupata kumi na moja.

Kwenye ripoti aliandika kosa lake lote bila kujitetea. Yule wa mbele hakumwandika. Walimnyang'anya boti, akarudi kuosha vyombo, na mkataba ulipokwisha hawakumwongezea mwingine.

Nyumbani alimsimulia mama yake peke yake. Waceke alipiga magoti papo hapo jikoni, akamshukuru Mungu kwa uhai wa mwanamke asiyemjua.

"Huyo alikuwa malaika, baba," akasema.

"Mama, malaika angenionyesha pengo. Huyo alilijaza."

"Na ungehesabu saa ngapi kama hangekushtua?"

Gakuru alisema tu kwamba hakuuona uso wake, na kwamba kama ni wa Mungu, atajulishwa siku atakapofika huko juu. Sasa ameshafika.