Duara Jekundu Mlangoni kwa Voahirana

Gazeti moja la mtandaoni la Antananarivo lilimwekea Voahirana homa ya matumbo mlangoni. Si homa yenyewe, maana hiyo angalau hubisha hodi kwa kuumwa kichwa. Lilikuwa duara jekundu kwenye ramani, limekaa sawasawa juu ya kibanda chake cha vitumbua, na ukiligusa kwa kidole linatuna na kukuambia: wagonjwa tisini na watatu. Hakuwalisha wagonjwa hao, hakuwauguza, hakuwajua. Lakini ramani ilikuwa imesema, na ramani ina rangi nzuri.

Kabla ya hapo Voahirana alikuwa mtu asiyeandikwa popote. Hakwenda shule, kwa hiyo hata kwenye daftari la mwalimu hakuwamo. Mume wake alikwenda Mahajanga kutafuta kazi, akaipata pamoja na mke mwingine, na hakuona haja ya kutuma barua kwa mtu asiyejua kusoma. Alimwachia chuma cha vitumbua chenye mashimo ishirini na jiko la mkaa. Kwa miaka kumi na tisa wanawake wa kiwanda cha kushona nguo walipita kwake saa kumi na moja alfajiri, mikono mifukoni kwa baridi ya Julai, wakala wamesimama, wakamwita kwa jina lake. Hilo lilimtosha.

Aliyemletea habari ni Ralay, dereva wa teksi, ambaye kila asubuhi hula vitumbua sita na kulalamikia kila kimoja. Siku hiyo hakula hata kimoja. Alisimama ng'ambo ya mfereji, ameinua simu.

"Dada Voahirana, umetoka gazetini!"

"Nimetoka nimefanya nini?"

"Si wewe hasa. Mlango wako."

"Njoo unionyeshe."

"Nikiwa hapahapa naona vizuri tu."

Ikabidi Lantosoa, jirani yake muuza kahawa, avuke mfereji na kumpokonya simu. Aligusa duara mara tatu, jinsi lilivyompendeza kwa kutuna.

"Shoga, una wageni tisini na watatu ndani na hujaniambia hata niwapikie uji?"

Walicheka wote wawili. Kesho yake Lantosoa aliihamisha meza yake ya kahawa hatua ishirini mbele. Alisema anakimbia jua. Kulikuwa na ukungu kiasi kwamba hata kanisa halikuonekana.

Baada ya wiki moja wanawake wa kiwandani walianza kupita upande wa pili wa njia. Mmoja wao, binti mwenye adabu, alirudi kueleza.

"Mama, si kwamba tunaamini. Ni kwamba tumeona."

Voahirana alikwenda kwa Ratsimba, mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu idadi ya wagonjwa ilitoka kwenye daftari lake.

"Mimi niliwapa idadi ya mtaa mzima," mwenyekiti alisema. "Kuchora wamechora wao."

"Basi waambie wamekosea."

"Nikiwaambia, wataniuliza hao tisini na watatu wanakunywa maji ya wapi."

Mtaa mzima ulijua wanakunywa maji ya wapi. Bomba la umma lilikuwa limepasuka tangu Machi, hatua nne kutoka chooni, na mwenyekiti alikuwa akilifikiria tangu Machi.

Basi Voahirana akapanda ngazi za mji wa juu, mia mbili na zaidi, akauliza mpaka akafika ofisi ya gazeti. Walimpeleka kwa aliyeichora ramani, kijana mmoja wa miwani aitwaye Tahiry. Alikuwa mpole. Watu wa namna hii ni wapole sana. Alimpa kiti, akampa glasi ya maji. Voahirana akaitazama.

"Ni salama, mama."

"Hata vitumbua vyangu."

Tahiry akakohoa, akafungua ramani. "Mama, hili duara si lako. Ni la mtaa mzima. Hatuna anwani za wagonjwa, kwa hiyo kompyuta inatafuta katikati ya mtaa na kuliweka hapo."

"Na katikati ya mtaa ni mlangoni kwangu."

"Kwa bahati tu."

"Nimesikia habari za watu wenye bahati. Sikujua nami nimo."

Chini ya duara palikuwa na picha iliyopigwa kutoka angani. Voahirana hajui kusoma, lakini turubai lake la bluu alilijua mara moja.

"Na hii picha ya mapaa, aliiweka nani?"

"Mimi. Wasomaji wanapenda kusogea karibu, kila mtu ajitafutie kwake."

"Wamesogea wakaniona mimi. Kwa nini usiupake rangi mtaa wote, kila mtu apate yake?"

Kijana alivua miwani akaifuta. "Mwanzoni ilikuwa hivyo. Watu hawakuifungua. Duara linavutia zaidi."

"Linavutia kweli. Limewavuta wateja wangu wote ng'ambo ya pili."

Hapo Tahiry aliona haya, tumpe haki yake. Alimsogezea kipanya na kumwonyesha namna ya kukibana. "Sawa, mama. Shika duara. Livute popote unapotaka, nami nitahifadhi."

Voahirana akalishika. Kushoto palikuwa na shule, watoto wangekimbizwa na wazazi wao. Juu palikuwa na meza ya Lantosoa, na mkono wake ulikaa hapo kidogo, zaidi ya inavyofaa kusimulia. Kisha akalivuta polepole mpaka ofisi ya mwenyekiti.

"Namba zilitoka kwake," akasema. "Zirudi nyumbani."

Tahiry alicheka, akahifadhi.

Kwa siku tatu mtaa ulipata akili. Wanawake wa kiwandani walirudi, Ralay akala sita na kulalamika kwamba sukari imepungua. Fundi wa bomba naye alionekana, mara ya kwanza tangu Machi, akiwa na spana na sura ya mtu aliyeamshwa.

Siku ya nne duara lilikuwa limerudi kwenye turubai la bluu, na fundi ameondoka na spana yake. Voahirana aliazima simu ya Lantosoa.

"Mwenyekiti alimpigia mhariri," Tahiry alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nilikuja kwa miguu."

"Najua, mama. Mhariri kasema tulirudishe pale kompyuta ilipochagua, tusionekane tunapendelea. Lakini tumeweka maelezo kwamba mahali pa duara ni pa kukadiria. Kuna kialama kidogo, ukikigusa yanatokea."

"Kiko wapi?"

"Kwenye simu ndogo kinafunikwa na duara."

Oktoba ramani hiyo ilipewa tuzo nje ya nchi, kwa kuwapa sauti watu wa kawaida. Lantosoa alimletea picha: Tahiry amevaa tai, na nyuma yake, kwenye kioo kikubwa kama ukuta, mlango wa Voahirana.

"Shoga, turubai lako limefika Ulaya."

"Lirudi na mteja mmoja."

Homa iliisha na mvua zikaja. Duara halikuondoka, kwa kuwa kazi iliyopata tuzo haiguswi. Sasa Voahirana hukaanga nyumbani, akabeba kapu kichwani mpaka mtaa wa tatu, ambako hawamjui jina wala mlango. Wanamwita "wewe wa vitumbua."

Kwa waliomwekea duara hataki pesa, hata ariary moja. Mwenyekiti Ratsimba anadaiwa kusimama kwenye mkutano wa mtaa na kusema kwa mdomo wake kwamba wagonjwa wale tisini na watatu ni wa bomba lake. Mhariri anadaiwa rangi juu ya mtaa wote, na nyumba yake mwenyewe iwemo kama anakaa huko, jambo ambalo hatulitegemei. Na Tahiry anadaiwa kushuka zile ngazi saa kumi na moja alfajiri, asimame mbele ya wanawake wa kiwandani, ale vitumbua sita vya moto, avimeze vyote wakimtazama. Ameshaambiwa mara mbili. Alijibu kwamba ni wazo zuri sana.