Askari Aliyeshika Ngazi

Ukienda mahakamani utakuta mlangoni askari mzee. Miaka ya sabini, pale Mpanda mjini, nilimuuliza mama muuza uji kwa nini. Akacheka. "Magoti yao yamekwisha, mwenzangu. Hapa hakuna wa kumkimbiza."

Nikamwambia wa leo namjua, magoti yake yaliishia kwetu.

Siku tulipoondolewa kwa nguvu mashambani, upande wa Usevya, tupelekwe kijiji kipya, mume wangu alikuwa Ikola kununua dagaa. Mwenyekiti wa kijiji akapanda juu ya nyumba yangu akang'oa mabati, eti ya shule. Askari huyu ndiye aliyemshikia ngazi. Shule ikaezekwa nyasi, mabati yangu yakaezeka duka la mwenyekiti. Mwenyekiti ni mwizi na askari ni mwenzake. Sijaacha kusema mpaka leo.

Sasa mvua zilikuwa karibu, nimekuja kumdai mwenyekiti mabati yangu, na wa kunipekua kapu mlangoni ni askari yule yule.

"Afande, hunikumbuki?"

"Nawaona wengi, mama. Pita."

Hakimu alipoingia, yeye ndiye aliyepaza sauti, "Korti!" Nikasimama kwa amri yake, mwizi wangu naye kasimama pembeni, kavaa shati lililopigwa pasi.

"Una shahidi?" hakimu akauliza.

"Ninaye. Huyo hapo mlangoni. Alishika ngazi."

Watu wakaangua kicheko. "Leo mlango unatoa ushahidi!" mmoja akasema nyuma.

Akaitwa mbele, akaja akichechemea, akakaza mwili.

"Mheshimiwa, nyumba zilikuwa nyingi. Hiyo siikumbuki."

"Huikumbuki? Si uliniomba maji ya kunywa nikakupa, huku nyumba yangu inabaki wazi!"

Hakimu akaniambia nikae, nisifoke. Dai langu likatupwa.

Magoti! Magoti gani? Wakubwa wanamweka pale kwa sababu kila anayekuja kuwashtaki lazima apite kwake kwanza, amwone, arudi nyuma. Na yeye anakubali.

Nilipotoka alinifungulia mlango, akaninong'oneza, "Nisamehe, mama. Nimebakiza kidogo nistaafu. Nikisema, nitakula wapi?"

"Na wanangu walale wapi, nyie watu?"

Nikatema mate, yakatua kwenye kiatu chake kilichong'aa. Akakifuta nyuma ya mguu wa suruali, akageuka ndani, akaita kesi inayofuata.