Kidole cha Spéciose

Spéciose alikuwa mnyoaji wa waliofiwa. Mtaa mzima wa Nyamirambo ulimjua. Siku ya kuanua matanga, wenye msiba huketi uani mmoja mmoja, nywele zinashuka, na huzuni, watu husema, inashuka nazo. Miaka thelathini na zaidi yeye ndiye aliyezishusha, kwa wembe mmoja wa kukunja wenye mpini wa pembe. Hakuwahi kumkata mtu.

Sasa matanga yalikuwa yake. Yalikuwa yaanuliwe asubuhi hiyo, Julai ya mwaka tisini na mbili, mwaka mzima tangu azikwe. Mumewe, mzee Cassien fundi viatu, alikuwa ameapa hatanyolewa kwa wembe mwingine.

Ila wembe huo hakuwahi kuunoa. Visu vya ngozi vilikuwa vyake, wembe wa mkewe. Akaulaza juu ya jiwe, akaukandamiza kama anavyokandamiza kisu cha kukatia soli. Makali yalikuja, ndiyo. Lakini bapa zima likajaa michirizi, na tope jeusi la jiwe likagandia juu yake.

Nyiransabimana, mdogo wa marehemu, ambaye ndiye angemnyoa, akachungulia.

“Mbega shemeji!” akamaka. “Umenoa wembe ama umelima nao?”

“Nitasafisha.”

“Safisha basi. Ndugu wa Kabuga wameshashuka kwenye basi. Dada angekuona angekunyang'anya.”

Cassien akajaribu kukumbuka. Hakuwahi kutazama hasa. Nani hutazama mkewe akisafisha chombo? Maji kwanza. Kisha majivu laini yaliyochekechwa, yakaloweshwa kidogo. Kisha kitambaa kinatoka mgongoni mwa wembe kwenda kwenye makali, wala hakirudi. Hilo la kutorudi alifundishwa na kidole chake, kilipoanza kutoka damu.

Michirizi ikafifia. Chuma kikaanza kuonyesha mawingu. Mzee akastaajabu: kazi ndogo hivi, njia yake ndefu hivi, na Spéciose aliipita kila wiki bila kusema neno.

Karibu na shina, pale pa kushikia, tope halikutoka. Akafuta tena. Akasogeza macho. Ilikuwa mistari, myembamba, mmoja ndani ya mwingine, inazunguka.

Aliijua. Yeye hakusoma, na Spéciose hakusoma. Siku waliyonunua kiwanja walichovya vidole gumba kwenye wino, karani akawaonyesha karatasi: hiki cha mama, hiki cha mzee. Cha mama kilikatizwa katikati na kovu la kisu cha viazi. Na kovu lilikuwa hapa. Mara ya mwisho, Spéciose, akiwa na homa, aliushika wembe kwa mkono wa jasho, akaukunja bila kuupaka mafuta. Jasho likala chuma. Leo tope la jiwe limeingia kwenye mistari, limeitoa nje.

Mwaka mzima kidole hicho kilikuwa humu ndani, kimefunikwa na pembe.

“Bado doa, shemeji. Lete nisugue na mchanga.”

“Acha.”

“Hii iko kutu! Kutu hailali. Itakula wembe wote.”

“Tazama kwanza.”

Nyiransabimana akauinua kwenye mwanga. Akaliona kovu.

“Kile kiazi,” akasema. “Nilimcheka mpaka akanirushia maganda.”

Akaurudisha kwa mikono miwili.

Lakini kutu kweli hailali. Cassien akachukua mafuta ya cherehani, tone moja, akalieneza juu ya mistari polepole. Kwingine kote akasafisha hadi hapakubaki alama. Akaupitisha wembe kwenye mkanda wake wa ngozi, akaketi kwenye kigoda mbele ya watu, akainamisha kichwa.

Nyiransabimana akaukunjua. Kidole gumba kikaenda chenyewe pale shinani, kikasita, kikatafuta pengine.

“Weka hapo hapo,” akasema mzee. “Ndipo pa kushikia.”

Akaweka. Nywele nyeupe zikaanza kushuka magotini. Nyiransabimana akanyoa hadi kisogoni. Hakumkata.