Mechi Nisiyoiona Ekerenyo

Ripoti yangu ya kwanza ya michezo niliiandikia hotelini mjini Kisii, nikila chapati, ilhali mechi yenyewe ilichezwa mbali, kule Ekerenyo.

Mwandishi mkongwe aliyepewa kazi ya kunifunza alitazama mvua dirishani, akaagiza chai nyingine. "Fainali ya wasichana hiyo," alisema. "Nani atajua kama hatukufika? Ikiisha nitampigia kocha."

Alimpigia kocha wa timu iliyoshinda, akapewa matokeo: tatu bila. Mengine akaniambia nijaze mwenyewe. Nikajaza. Niliandika kwamba kipa wa walioshindwa alisinzia golini, mikono imemlegea kama mtu aliyelazimishwa kucheza. Mkongwe alisoma akacheka hadi akakohoa.

"Wewe utafika mbali. Umeandika kama mtu aliyekuwepo."

Nilifurahi. Hilo ndilo linaloniaibisha zaidi hadi leo, kwamba nilifurahi, nikanunua nakala mbili za gazeti, moja nikampelekea mama.

Wiki iliyofuata nilikuwa soko la Daraja Mbili, palepale Kisii, nikichagua shati la mitumba, huku nikimringia muuzaji kwamba mimi ni mwandishi wa michezo. Mwanamke aliyekuwa akiuza ndizi kando yetu akageuka. Akauliza kama ni mimi niliyeandika habari za fainali ya Ekerenyo. Nikasema ndiyo, nikingoja sifa.

"Yule kipa ni binti yangu," alisema. "Ulikuwa umesimama upande gani, mwanangu? Mimi nilikuwa nyuma ya goli."

Nikajifanya nakagua kola ya shati.

"Aliumia mkono kipindi cha kwanza. Hawakuwa na kipa mwingine. Alidaka kwa mkono mmoja mpaka mwisho, na hospitali ikasema umevunjika. Sasa shuleni wanamwita Usingizi."

Hakupaza sauti. Alimgeukia mteja wake, akaanza kumhesabia ndizi. Shati nililiacha palepale.

Nilimpigia mhariri, nikamweleza yote, nikaomba turekebishe. Akauliza kama kuna mtu aliyelalamika rasmi. Nikamwambia mama mzazi.

"Nimesema rasmi. Tuma habari za Jumamosi."

Mkongwe naye alinitazama kama mtu aliyemtemea mate kwenye chai. "Si ungenyamaza tu?"

Nilipanda bodaboda hadi Ekerenyo, nikaulizia kwao yule kipa, nikapita katikati ya mashamba ya majani chai hadi uani. Msichana alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mkono umefungwa plasta. Nikajitambulisha, nikamwomba msamaha, nikakiri kwamba sikufika uwanjani.

Aliitazama plasta. Kisha akasema, "Niliokoa penalti."

Sikuwa hata nimejua kwamba kulikuwa na penalti.

"Kwa mkono gani?" niliuliza, kwa kuwa ndilo swali pekee lililonijia.

"Huu mzima," alisema, akasimama na kuingia ndani.

Niliandika habari hiyo upya, na penalti ikiwemo. Haikuchapishwa.