Kumtafuta Mama Kwenye Maghala ya Vyuo

Nilipokuwa mdogo, kule kwetu Kongo, alikuja mwanafunzi mmoja mzungu akakaa na mama yangu wiki tatu. Anamuuliza namna ya kufinyanga vyungu, anaandika kwa ajili ya andiko lake la chuo. Mama alishafariki, picha yake hatuna hata moja. Maneno yake yamebaki kwenye lile andiko tu, na mimi nayataka.

Mjukuu wangu anasoma chuo hapa Stockholm. Akaniambia siku hizi maandishi ya vyuo yanawekwa kwenye maghala ya mtandaoni, yeyote anasoma bure, na ipo orodha ya maghala hayo. Nikafurahi. Kumbe orodha inakuonyesha mlango tu. Ndani uingie mwenyewe, ghala moja moja, na hayaishi! Akasema atatengeneza kisanduku cha kutafutia, kiingie kwenye yote kwa mpigo. Jumamosi nzima kajikunja kwenye kochi langu, mtaani kwetu Rågsved, ananakili anwani za maghala. Zamu yangu ya chumba cha kufulia nguo cha jengo letu ikapita hivi hivi.

Tukaandika jina la mama la ubatizo. Hakuna kitu. La ukoo. Hakuna.

"Kisanduku chako kiziwi," nikamwambia.

"Bibi, kinatafuta ulichokipa. Majirani walimwitaje?"

Kwetu mwanamke anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Huyo wa kwanza wa mama alikufa na surua kabla sijazaliwa. Majirani walishazoea kumwita kwa jina la mtoto huyo, ila sisi nyumbani jina lile hatulitaji.

"Kwa hiyo ulikuwa unalijua?"

"Nalijua."

"Na mimi nimekaa hapa toka asubuhi."

Nikamtamkia polepole. Likaja andiko moja, la Kifaransa. Akalitafsiri kwa simu, akanisomea. Mama yupo, anaitwa kwa jina lile lile: anachukua udongo, anaongeza maji, anakanda.

"Halafu?"

"Halafu anafinyanga."

"Na vigae vya kusaga?"

"Havipo, Bibi."

"Soma tena."

Akasoma tena. Havipo. Mama alikuwa anasaga vigae vya vyungu vya zamani, anachanganya na udongo, la sivyo chungu kinapasuka motoni. Sasa yule mtu wiki tatu alikuwa anaandika nini? Nimesumbuka hivi kumpata mama, na nimempata anafundisha dunia nzima kupasua vyungu.